Sahihi ya Mtu Asiyekuwepo

 

Makala haya yanahusu karatasi kumi na moja. Nilizisaini mimi, kwa majina ya watu wengine, asubuhi moja ya mvua, kikombe cha chai kikiwa pembeni, bila kuhisi kwamba natenda dhambi yoyote.

Nilikuwa katika mafunzo ya vitendo kwenye kituo kimoja cha afya cha wilaya yetu. Si hapa Mudende, na jina lake sitalitaja, kwa sababu kosa ninalotaka kulizungumzia ni langu, na watu wa pale walinipokea vizuri na kunifundisha kazi. Niliwekwa katika ofisi ya fagitire. Mtu akisikia "kituo cha afya" hufikiria sindano na kitanda. Kumbe kuna chumba kingine huko nyuma, chenye meza, kikokotoo na marundo ya karatasi, na mara nyingi chumba hicho ndicho kinachoamua kama mwezi ujao kutakuwa na dawa.

Kazi yenyewe ni hii. Mgonjwa mwenye bima akija, hujaziwa karatasi: jina lake, namba ya bima, ugonjwa uliogunduliwa, vipimo, dawa na idadi yake, bei ya kila kimoja. Hulipa sehemu yake, husaini chini kuthibitisha kwamba amepata huduma hiyo, kisha huenda zake. Mwisho wa mwezi karatasi zote hupangwa kwa tarehe, hujumlishwa, na kituo huidai bima. Ndipo anapokuja mkaguzi. Hukaa na karatasi upande mmoja na rejista upande wa pili: rejista ya muuguzi, ya maabara, ya dawa. Aliyeandikiwa kipimo cha malaria yumo katika rejista ya maabara siku ile? Dawa inalingana na ugonjwa ulioandikwa? Bei ndiyo iliyokubaliwa? Sahihi ipo? Kisichooana hukatwa, na fedha yake hailipwi.

Siku moja kabla ya mkaguzi kufika tulikuta karatasi kumi na moja hazina sahihi ya mgonjwa. Huenda foleni ilikuwa ndefu, huenda mvua ilikuwa inakuja na watu wakawahi kupanda mlima. Dada mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi, Mkristo mcha Mungu na mtu ambaye sijawahi kumwona akichukua hata kalamu ya ofisi kwenda nayo nyumbani, aliziangalia akasema: "Hawa wote walitibiwa, rejista inaonyesha. Weka tu sahihi, ndugu yangu, tusije tukakosa fedha ya amoksisilini." Nikasaini. Nilitumia kalamu mbili tofauti, na mwandiko nikaubadilisha kila karatasi. Mkaguzi alipita kesho yake, akazikubali zote.

Lililonirudia usiku halikuwa zile sahihi zenyewe bali zile kalamu mbili. Kama jambo lilikuwa halali, kwa nini nilibadilisha kalamu?

Ijumaa iliyofuata nikalileta suala hili kwenye halaka yetu hapa Mudende, baada ya Isha. Nilitarajia kuambiwa ama nimekosea, nitubu, ama nisijisumbue. Badala yake tulibishana mpaka karibu saa sita, na mengine ninayoandika hapa ni ya ndugu waliokuwa chumbani usiku ule zaidi kuliko yangu.

Mmoja, anayesoma biashara, alisema moja kwa moja kwamba sikudanganya. Uongo ni kusema jambo ambalo si kweli. Karatasi zile zilisema mtu fulani alipewa dawa fulani, naye alipewa. Nani amedhulumiwa? Bima imelipa kilichostahili kulipwa, kituo kimepata haki yake, mgonjwa amepona. Aliyekaribia kudhulumiwa ni kituo, kwa kunyimwa malipo ya dawa iliyokwisha kutoka. Nikaona ameniokoa.

Dada mmoja wa uhasibu akamjibu kwa utulivu kwamba karatasi ile haisemi jambo moja, inasema mawili. La kwanza, mtu huyu alipewa dawa hii. La pili, mtu huyu mwenyewe anashuhudia kwamba amepewa. La kwanza laweza kuwa kweli kabisa na la pili likawa uongo mtupu. Na mkaguzi, alisema, halipwi kwa ajili ya la kwanza, kwa sababu la kwanza hakuliona wala hataliona kamwe. Siku mgonjwa anatibiwa yeye hakuwepo. Anacho hicho cha pili tu.

Lugha yetu yenyewe inatutega hapa. Jina tunaloliandika chini ya karatasi tunaliita sahihi, na jambo lililo kweli tunaliita sahihi, na hadithi iliyothibiti isnadi yake tunaiita sahihi. Neno moja kwa vyote vitatu. Mimi nilitoa sahihi isiyo sahihi kwa jambo nililodhani ni sahihi.

Kisha ndugu wa sheria akaleta hoja iliyonivutia kuliko zote. Alifungua Surat al-Baqara, aya ya 282, aya ya deni, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur'ani. Tunaipita haraka katika khitma kwa sababu ni ya mambo ya fedha, lakini ukiisoma polepole utaona ni kama kanuni za ofisi ile ya fagitire. Inaamrisha deni liandikwe, liwe dogo au kubwa. Inamtaka katibu aandike kwa uadilifu na asikatae kuandika. Aliye na deni ndiye anayesomesha yaandikwe nini, wala asipunguze kitu. Na kama ni mtu dhaifu au asiyeweza kusomesha mwenyewe, basi msimamizi wake asomeshe kwa niaba yake, kwa uadilifu. "Basi," akasema, "si wewe ulikuwa msimamizi wao? Wameondoka, hawawezi kufika, umewasemea."

Ilibidi tunyamaze kidogo. Aliyejibu alikuwa mdogo wetu wa mwaka wa kwanza, ambaye kwa kawaida hukaa karibu na mlango na hasemi kitu. Alisema: "Lakini kaka, wali anaposomesha, anasomesha kama wali. Hajifanyi kuwa yule mtoto." Ni kweli. Aya inaruhusu mtu asemewe na mwingine, lakini anayesema anajulikana ni nani na kwa nini anasema. Ningeandika pale chini: "Mgonjwa aliondoka bila kusaini, nimethibitisha katika rejista," kisha jina langu na tarehe, ningekuwa msimamizi. Huenda mkaguzi angekata, huenda asingekata. Nilichofanya mimi ni kujificha ndani ya jina la mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini Mtume (S.A.W.), alipokuwa akiwatajia masahaba madhambi makubwa, alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa wima, akalirudia na kulirudia mpaka waliokuwepo wakatamani anyamaze. Shirki alikwisha kuitaja, na kuwaasi wazazi pia, akiwa bado ameegemea. Sidai kujua hekima yote ya jambo hilo. Ila naona kwamba dhambi nyingine mtu huzifanya akijua kuwa anafanya dhambi, na hii mtu huweza kuifanya na kikombe cha chai pembeni.

Tusije tukadhani udanganyifu wote wa namna hii ni wa karatasi kumi na moja. Majirani zetu wa Kenya waliifunga bima yao ya NHIF, na tangu Oktoba 2024 wana mamlaka mpya ya SHA. Mwaka 2025 wizara ya afya ya huko ilivisimamisha vituo kwa makumi, na waziri Aden Duale akaeleza waziwazi mbinu zilizotumika: wagonjwa waliotibiwa na kwenda nyumbani siku ileile kuandikwa kana kwamba walilazwa, huduma nyepesi kuandikwa kama nzito, rekodi kughushiwa, na watu ambao hawakutibiwa kabisa kudaiwa fedha kwa majina yao. Wale ni wezi, na wezi hawahitaji makala ya kifalsafa. Kinachonishughulisha ni kwamba mbinu zao zote zinatumia kifaa kilekile nilichotumia mimi: jina la mtu asiyekuwepo.

Yule ndugu wa biashara hakukubali kushindwa, na swali lake la "nani amedhulumiwa" halikujibiwa vya kutosha usiku ule. Nimelifikiria tangu hapo, na jibu langu linaanza na mfuko wenyewe.

Mituweli ilianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya tatu za afya, Byumba, Kabgayi na Kabutare, nchi ikiwa imetoka katika maangamizi na watu hawana hata cha kununulia aspirini. Leo imeenea nchi nzima, na tangu mwaka 2015 inasimamiwa na RSSB. Kwa miaka mingi watu wengi walichangia faranga 3,000 kwa kila mtu wa nyumba kwa mwaka, wakalipa 200 wanapofika kituoni na asilimia 10 wanapopelekwa hospitalini. Tunapenda kusema "fedha ya serikali", na serikali na wafadhili huongeza kweli, lakini sehemu kubwa ni viazi vya Mudende, maziwa ya Mudende, kibarua cha siku mbili cha mama mwenye watoto watano ambaye mwaka huu hajaumwa hata mara moja na hajadai kitu. Hiyo ni amana. Anayeandika pakiti mbili ilipotoka moja, amechukua kwa yule ambaye hakuumwa.

Mfuko ni jambo moja. Jambo la pili ni maandishi yenyewe. Kila ugonjwa una alama yake katika orodha ya kimataifa, orodha ambayo mizizi yake ni kazi ya Mfaransa Jacques Bertillon, aliyewasilisha uainishaji wake wa sababu za vifo huko Chicago mwaka 1893. Toleo la 11 lilianza kutumika Januari 2022. Katika toleo la 10, lililotumika kwa miongo, mafua ya kawaida ni J00, nimonia isiyotajwa kimelea chake ni J18, malaria ya falsiparamu ni B50, na malaria ambayo aina yake haikutajwa ni B54. Kwa mtu wa fagitire tofauti ya J00 na J18 ni tofauti ya bei. Kwa mgonjwa ni historia yake: atakapokuja mwakani, muuguzi mwingine atasoma kwamba mtoto huyu amewahi kuwa na nimonia. Na kwa nchi ni hesabu. Malaria hapa Rwanda ilikuwa chini ya wagonjwa milioni 1 mwaka 2012, ikapanda hadi zaidi ya milioni 4 mwaka 2016, na namba hizo ndizo zilizofuatwa na maamuzi ya dawa na vyandarua. Namba hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika vyumba kama kile nilichokaa, katika mikono kama yangu. Anayeongeza ukali wa ugonjwa ili kituo kipate faranga chache zaidi anampa habari za uongo mtu wa Kigali ambaye hatamwona kamwe, na mtu huyo atapeleka dawa mahali pasipohitajika.

Sasa nifike kwenye swali gumu, lile lililotugawa kweli. Tuliacha wizi pembeni tukauliza: je, huruma?

Mfano wetu ulikuwa huu, na sidhani kuna mtu aliyekulia katika vilima hivi asiyeujua. Kwa muda mrefu sharti la mituweli lilikuwa nyumba nzima ilipe ndipo mtu mmoja atibiwe. Baba amelipia wanne kati ya saba. Usiku mtoto anapumua kwa shida, jirani anasema, "Chukua kadi ya mwanangu, wanalingana umri." Muuguzi anamjua mtoto, anajua jina si lake. Anaandika. Mtoto anapona. Kuna mtu humu atakayesema muuguzi yule ni fasiki?

Mimi sisemi. Nikiwa pale saa nane za usiku huenda ningeandika hivyohivyo. Lakini tuangalie kilichotokea baada ya mtoto kupona, kwa sababu hadithi za huruma huwa tunazikatisha hapo. Mtoto wa jirani sasa ana nimonia ambayo hakuwahi kuugua, imeandikwa kwa jina lake. Mtoto aliyeugua hana rekodi. Akirudi baada ya miezi miwili akiwa hoi zaidi, hakuna anayejua kwamba ni mara ya pili. Na kubwa kuliko yote, katika makaratasi ya mwezi ule nyumba ile isiyoweza kulipia watoto watatu haipo. Imefutika. Msimamizi wa kata akisoma ripoti ataona waliotibiwa wote wana bima, na atafurahi. Uongo wa huruma umemtibu mtoto mmoja na kulificha tatizo lililomleta.

Tena kuna jambo la mfuko wa nani. Huruma ninayoitoa mfukoni mwangu ni sadaka. Ninayoitoa katika amana ya wengine, bila idhini yao, sijui niiiteje, lakini sadaka siyo. Tunajua kisa cha mtu aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka, akarudi akisema hiki chenu, hiki nimepewa mimi kwa zawadi, na tunajua alivyokemewa mimbarini. Amana haigawanywi na mwenye kuibeba kwa kadiri anavyoona yeye, hata akiona vizuri.

Ndugu mmoja alisema maneno hayo ni rahisi kwa mwenye shuka na chai. Alikuwa na haki. Kusema "usidanganye" kisha ukaenda kulala, na mtoto bado anapumua kwa shida, si uchamungu. Lakini kuna njia ya tatu ambayo muuguzi anayo, ingawa ni ngumu: atibu kwanza, kisha aandike kweli. Mtoto fulani, jina lake halisi, hana mituweli, ametibiwa usiku, deni ni kadhaa. Karatasi hiyo ni mbaya machoni pa kila mtu, kituo kitabaki na pengo, mkuu wa kituo ataguna. Lakini karatasi hiyo inaonekana. Inaweza kuletwa kwa kata, kwa kanisa, kwa msikiti, kwetu. Misikiti kadhaa nchini imewahi kuwalipia mituweli watu wasio na uwezo, Waislamu na wasio Waislamu. Huwezi kumlipia mtu ambaye karatasi zinasema amekwisha kulipa. (Halaka yetu ina watu kumi na wanane. Fanyeni hesabu ya soda tunazokunywa kwa muhula, nami nitafanya yangu.)

Mpaka hapa nimesema kama vile mkaguzi ni malaika na sisi wengine ndio wenye makosa. Sivyo. Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo, na tazama jinsi inavyowaeleza: wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kijae, wakiwapimia watu hupunguza. Mizani moja, mikono miwili. Kituo kinachoongeza bei kinapunja, hilo twalijua. Lakini bima inayojua kabisa kwamba dawa ilitoka, kwamba maabara ilipima, kwamba mtu alipona, kisha ikakataa kulipa kwa sababu tarehe imeandikwa pembeni badala ya juu, nayo inashika mizani ileile kwa mkono mwingine. Mkaguzi anayepimwa kazini kwa kiasi alichokata, si kwa ukweli alioupata, atajifunza kukata. Na kituo kinachokatwa bila haki kitajifunza kughushi. Yule dada hakuniambia nisaini kwa sababu ya tamaa. Aliniambia kwa sababu alikwisha kuona dawa zikikosekana kwa ajili ya kasoro ya karatasi. Aya ileile ya deni inakataza katibu asidhuriwe wala shahidi asidhuriwe. Ukimfanya mkweli apate hasara kila mwezi, umemdhuru katibu.

Wazee wetu walilifikiria hili mapema kuliko tunavyodhani. Katika karne ya 9 tabibu Ishaq ibn Ali al-Ruhawi, mtu wa Ruha, aliandika kitabu cha adabu za tabibu, ambacho nakala yake ya mkono imehifadhiwa Edirne, Uturuki. Dini yake yenyewe wanahistoria wanaibishania, na kwangu hilo linaongeza utamu wa jambo. Alimtaka tabibu aandike hali ya mgonjwa na tiba kila anapomtembelea, na maandishi hayo yabaki pia kwa watu wa mgonjwa. Mgonjwa akifa, matabibu wenye ujuzi huyasoma. Wakiona kazi ilifanywa ipasavyo, tabibu husafishwa jina. Wakiona uzembe, huwajibika. Karne tatu baadaye al-Shayzari, katika kitabu chake cha hisba cha kumwongoza muhtasib wa sokoni, aliweka utaratibu wa namna hiyohiyo, pamoja na milango ya wauza dawa wanaochanganya kisichofaa.

Angalieni maandishi yale yalikuwa ya nani. Nakala ilikaa nyumbani kwa mgonjwa. Ukaguzi ulianza kwa ajili yake, kumlinda yeye au kuwapa haki warithi wake. Sisi karatasi inatoka kituoni kwenda kwa bima, inarudi kutoka kwa bima kwenda kituoni, na mgonjwa anaijua kama kitu cha kusaini haraka kabla mvua haijanyesha. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kwangu kuichukua nafasi yake. Hakuna aliyekuwa akimngojea.

Na hata mkaguzi mwadilifu ana mpaka. Anayeshika jalada la mtu ameshika siri zake: nani anameza dawa za virusi, nani amepoteza mimba, nani alipelekwa kwa ugonjwa wa akili. Qur'ani imetukataza upelelezi juu ya watu, na kisa cha Sayyidna Umar, aliyeruka ukuta kumkamata mnywaji akaambiwa kwamba yeye mwenyewe amefanya makosa matatu, hakikusimuliwa bure. Kagua bei, kagua tarehe. Ukikuta jina la jirani yako, funga macho ya moyo. Wenzetu wa afya na wa uhasibu watakaoajiriwa katika kazi hii walishike hili kabla hawajashika kalamu.

Baada ya halaka ile nilirudi kwa mkuu wa kituo nikamweleza. Nilikuwa na hofu ya kufukuzwa. Alikaa kimya, akaniuliza kama dada ndiye aliyenituma nikungame, nikasema hapana. Akavuta nakala za karatasi zile kumi na moja, akanipa. "Basi nenda ukawatafute wenyewe."

Ilinichukua siku tatu za kupanda na kushuka. Tisa niliwapata kwa urahisi. Walicheka, wakasaini, mmoja akanipa mahindi ya kuchoma. Mmoja alikuwa amehamia Goma kwa biashara, na karatasi yake niliiandika kweli: hakupatikana. Wa kumi na moja alikuwa bibi mmoja anayeishi juu kabisa, mahali ambapo ukungu ukiondoka unaiona Nyiragongo yote. Nilimkuta amekaa mlangoni akichambua mbegu za viazi, anakohoa.

Nikamsalimu, nikamweleza, nikampa kalamu. Akaitazama akacheka. "Mwanangu, mimi nitaandika nini? Sikusoma." Akanyoosha dole gumba.

Nami nilikuwa nimemwandikia sahihi ya herufi za kuunganisha, nzuri kuliko yangu.

Kabla hajaweka dole nikamsomea karatasi, kwa sababu sasa nilikuwa mwangalifu: siku fulani, kifua, amoksisilini pakiti mbili. Akanizuia. "Moja. Walinipa moja, ya pili wakasema imeisha, nirudi Jumatatu. Jumatatu tulikuwa tunavuna." Hakuna aliyeiba. Muuguzi aliandika anachotaka kumpa, ghala likawa tupu, foleni ikasonga. Karatasi ikasema mbili, rejista ikanakili karatasi, na mimi niliyekuwa nikiapa mbele ya halaka nzima kwamba kila kilichoandikwa pale kilitokea, sikuwepo siku ile. Nilishuhudia nisichokiona, kwa jina la mtu ambaye angeniambia kweli kama ningemuuliza.

Nilifuta ile mbili kwa mstari mmoja ili cha chini kiendelee kusomeka, nikaandika moja, nikaweka jina langu pembeni na tarehe. Yeye akaweka dole lake chini. Kituo kilirudisha bei ya pakiti moja kwa bima. Muuguzi alisema haifai kumpelekea tu ile pakiti ya pili baada ya muda wote ule, ni lazima apimwe upya, na Jumanne bibi alishuka mlima kwa miguu akiwa na mjukuu wake, akakaa kwenye benchi na wenzake, akangoja zamu yake.